Mwali wa Birika la Ndovu

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa watu, wanyama walikuwa na nyumba kama zetu, milango kama yetu na ujinga kama wetu. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii haina vicheko vingi, nawaambia mapema, asije mtu akanililia hapa mwishoni akasema sikumwonya.

Basi palikuwa na Ndovu, mwinyi wa mji, mwenye nyumba ya mawe, baraza pana na binti mmoja aliyekwisha kuposwa. Kwa ajili ya harusi hiyo Ndovu alitaka kitu ambacho hakuna mwinyi mwingine aliyekuwa nacho. Akajenga uani birika kubwa la mawe, akalisimamisha juu ya miguu minne ya mawe ili wageni wasipate taabu ya kuinama.

"Nataka samaki," akasema. "Samaki wa kila rangi, waogelee humu wageni wangu wakila pilau."

Rafiki yake Kiboko akacheka, kha kha kha! "Samaki tu, bwana mkubwa? Hilo ni la leo leo."

Sasa, mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulikuwa umekatika, vimebaki vidimbwi vidimbwi, na ndani yake samaki wamebanana wakiomba mvua. Kiboko akashuka na buyu lake, akazoa. Chubwi! Chubwi! Furu wekundu, furu wa buluu, perege, dagaa, chochote kilichotikisika. Akarudi mbio akawamimina wote birikani, katika maji yaliyotekwa kisimani asubuhi ile ile, maji meupe hata ukiangusha sindano chini unaiona.

Kitu kimoja hakukijua. Katika kuzoazoa kwake alikuwa amezoa na watoto wa Chura.

Chura huyu aliitwa Mwanamize, mjane, kiumbe kidogo tu, ukimweka kiganjani anaenea. Watoto wake walikuwa bado viluwiluwi, kichwa na mkia basi, miguu hawana. Yeye alikuwa amekwenda kuwatafutia riziki. Aliporudi, dimbwi halipo. Limebaki tope na alama ya mguu wa Kiboko.

"Wanangu! Jamani, wanangu!"

Akafuata matone yaliyomwagika njiani, akaruka ti! ti! ti! mpaka uani kwa Ndovu, akapanda ukingo wa birika akachungulia. Watoto wako hai. Wamekusanyika pembeni wote.

"Mama!" akalia mdogo wao wa mwisho, jina lake Kitinda. "Maji haya yanawasha!"

Mwanamize akachovya ulimi. Maji yale hayakuwa na ladha ya tope wala ya jani, na kuta zilikuwa safi hazina hata ukoga. Chura anajua, kwa sababu amezaliwa humo: maji yaliyokaa huota vijidudu vyake, vidogo hata jicho halivioni, na hao ndio wanaokula uchafu wa samaki. Maji mapya hayana hata mmoja. Ukijaza humo samaki kundi zima kwa siku moja, wanakufa kwa mikojo yao wenyewe.

Angewapeleka wapi? Mtoni dimbwi lao limekuwa tope, na mengine yanakauka. Kisima kina kifuniko cha jiwe ambacho Ndovu na Kiboko tu ndio wanaokiinua. Kiluwiluwi ukimweka nchi kavu hafiki hata ukutani. Maji ya kuwaweka wanawe hai mpaka mvua inyeshe yalikuwa hayo hayo ya Ndovu, na hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yanawaua.

Ndovu naye, kwa furaha, akawatupia pilau. Sinia zima! "Kuleni, kuleni, wageni wangu!"

Asubuhi samaki wakaonekana wanaelea, matumbo juu. Waliobaki wameng'ang'ania juu ya maji wanatweta, vinywa wazi.

"Maji yamechafuka!" akanguruma Ndovu. "Mwaga! Sugua! Jaza mengine!"

Kiboko akamwaga, wala hakutazama anamwaga nini. Akasugua kuta kwa mchanga na makumbi, kwaru! kwaru! kwaru!, akajaza maji mapya ya kisimani, halafu akaenda kuzoa samaki wengine wa kufidia. Asubuhi iliyofuata matumbo juu tena. Mwaga! Sugua! Jaza! Kila maji yalipomwagwa, baadhi ya watoto wa Mwanamize walimwagika nayo uani, wakakauka juani huku mama yao anawatazama; walionusurika ni waliojibanza katika maji yaliyosalia pembeni chini. Aliwazika chini ya ngazi kwa mikono yake. Nani angemsaidia?

Mwishoni akasema, liwalo na liwe, nitamwambia ukweli.

"Shikamoo, Mwinyi."

Ndovu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani huyo?"

"Niko hapa chini, Mwinyi. Mimi Chura."

"Haya, marahaba. Sema upesi, nina msiba wa samaki."

"Ndio hao hao walionileta. Mwinyi, samaki hawafi kwa uchafu. Wanakufa kwa sababu maji haya ni mabichi. Hayajaiva."

Ndovu akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Ndovu.

"Hayajaiva?"

"Hayajaiva, Mwinyi. Yanataka subira tu, na..."

"Siku zote hizi tunawatia samaki katika maji mabichi, na wewe Kiboko umenyamaza! Kuni!"

"La, Mwinyi! Sikusema hivyo! Yanaiva yenyewe, kwa kukaa!"

"Umeona wapi kitu kikaiva bila moto? Kuni, Kiboko!"

Msicheke. Nimewaambia msicheke.

Kuni zikasukumwa chini ya birika, katikati ya ile miguu minne, moto ukawaka, vuuu! Mwanamize alipiga kelele mpaka koo likamvimba, lakini mkubwa akishaelewa vyake, nani atamwelewesha tena? Samaki wakaanza kuruka. Watoto wakakimbilia pembe moja, ile iliyokuwa mbali na miali, wakalaliana. "Mama, tutoe! Mama!" Naye anakimbia juu ya ukingo huku na huku, mkono haufiki, na jiwe linamuunguza nyayo.

Ndovu akataka kuonja kama yameiva. Akatumbukiza mkonga.

"Uuuuwii! Nakufa! Zima! Zima!"

Basi moto ukazimwa kwa ajili ya mkonga wa Ndovu. Kiboko akamwaga maji ya kisimani juu ya kuni, tshiii! Walionusurika ni wale wa pembeni tu: furu wachache, perege wawili watatu, dagaa kidogo, na wanawe wa kuokoteza. Mwanamize akajikunja nyuma ya mguu wa birika akalia. Alikuwa amesema ukweli mtupu, neno kwa neno, na ukweli wake ndio uliowapika wanawe.

Akiwa hapo anasikia vishindo, duu! duu! Ndovu anakwenda na mkonga wake mwekundu kumwonyesha binti yake, apate kuonewa huruma. Akafika mlangoni pa chumba. Pazia likafunguka kidogo, akatokea shangazi mtu, dada yake Ndovu, ambaye ndiye kungwi aliyemtunza bibi harusi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu. Nimeungua."

"Rudi! Mwali hachunguliwi!"

"Hata mimi baba yake?"

"Hata wewe baba yake! Yuko ndani, anasingwa liwa ngozi ilainike, hapitishwi mgeni, hatolewi nje mpaka aive. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Au wewe umefunzwa vingine?"

Na Ndovu, yule ambaye hakuna mlango uliopata kumzuia, akarudi kinyumenyume. "Samahani, dada. Samahani." Akaondoka polepole, hata sakafu isisikie.

Mwanamize akafuta machozi.

Asubuhi, kabla Kiboko hajashika makumbi, Mwanamize akajitanda jani la mgomba, akapanda ukingoni, akapiga kigelegele. "Lililililii!"

"We, una wazimu?" akauliza Kiboko.

"Hongera, Mwinyi Ndovu! Hongera tena! Nyumba yako haina mwali mmoja, ina wawili!"

Ndovu akatoka. "Wawili? Mimi nina binti mmoja."

"Na birika? Jana hukuambiwa kwamba maji yako ni mabichi? Kitu kibichi cha kike, kinachongoja kuiva, kinaitwaje?"

Ndovu akafikiri. Akifikiri masikio yake hupepea. "Mwali," akasema.

"Umesema mwenyewe! Na mwali huivishwa kwa kuni?"

"Astaghfirullah! Mwali huwekwa ndani."

"Basi! Mwinyi mzima, mwenye adabu zako, unampikia mwali kuni! Unamvua nguo kila asubuhi, unamsugua kwa mchanga mbele ya wanaume!"

Ndovu akaona haya mpaka akajifunika uso kwa sikio. Lakini Kiboko akainama akatazama ukuta wa birika, mahali ukijani ulipokuwa umeanza kuota.

"Na hili linaloteleza? Ni uchafu huu. Nisugue."

"Weka mkono chini! Hiyo ni liwa yake."

"Liwa ya kijani?"

"Wewe umewahi kuwa mwali?"

Kiboko akafunga domo lake, na lile domo lilivyo likachukua muda kufunga.

Tangu hapo Mwanamize akawa kungwi wa birika. Alipoagiza, waliagizika. Akasema mwali afunikwe mkeka wa nusu, jua limfikie kidogo, na mkeka ukaletwa. Akasema maji yasimwagwe tena, yakipungua yaongezwe kibuyu kimoja tu jioni. Pilau marufuku: mwali mwenye adabu hali sinia, anadonoa, kwa hiyo punje chache, wala zisibaki chini zikaoza. Samaki wageni wasiongezwe hata mmoja. Tena akadai mwali anukie harufu ya kwao: Kiboko akaenda mtoni akaleta tope la dimbwi la zamani na magugu maji yaliyokuwa bado na uhai mizizini.

"Manukato haya yananuka," akalalamika Kiboko.

"Tia," akasema kungwi.

Yakatiwa. Wakubwa wale wawili, ambao mtu hajapata kuwaambia keti wakaketi, wakawa wanapita uani kwa ncha za vidole, wanaambizana, "Shh! Mwali!"

Na maji yakaiva. Yaliiva yenyewe, kwa kukaa, kama alivyosema siku ya kwanza. Yale yaliyokuwa yanawasha yakawa laini. Magugu yakatia majani, ukoga ukatanda, watoto wakawa wanaula. Furu wakarudisha rangi zao. Mwanamize hakufurahi, mtu aliyezika kiasi kile hafurahi upesi, lakini alipata usingizi.

"Mama, tazama! Nimeota vidole!" akaita mkubwa wao siku moja, jina lake Mosi.

"Na mimi! Na mimi!"

"Mimi vyangu bado," akasema Kitinda. "Viko wapi, Mama?"

"Vinakuja, mwanangu. Kula."

Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa haiji. Kila siku Mwanamize anatazama juu, mbingu nyeupe.

Ikafika siku ya harusi. Ngoma, ubani, pilau, wageni kutoka kila pori. Binti Ndovu akaozwa, akatolewa nje kwa vigelegele. Ndipo Ndovu, kifua mbele, akawaongoza wageni wake wote mpaka uani.

"Kungwi! Mwali wetu wa pili je, ameiva?"

Hapa, wanangu, ndipo ulimi ulipomponza. Angesema bado. Neno moja tu, bado! Lakini wageni wametulia wanamtazama yeye, kijichura, na kazi yake ilikuwa nzuri, na mtu aliyedharauliwa sana akiulizwa habari ya kazi yake hujibu kwa fahari.

"Ameiva, Mwinyi!" Akavuta mkeka.

"Aaaaah!" wageni wakaguna. Maji yanang'aa kijani, furu wanapita majanini kama shanga.

Ndovu akageuka kwa wageni. "Mwali akiiva?"

"Huolewa!" wakaitika wote.

"Mimi Ndovu nimuoze mmoja, wa pili nimwache azeekee ndani? Watu watasema nini? Kiboko! Mlete bwana harusi!"

Kiboko akaja anaburura bonge la tope. Akalipasua, pa! Ndani yake Kambare, mrefu kuliko mkonga wa Ndovu, amelala chini ya mto uliokauka kiangazi kizima hajatia kitu tumboni. Masharubu haya. Amefungwa kilemba.

"Mashallah, bwana harusi ana ndevu!" wakasema wanawake.

Kambare akafumbua jicho moja, akatazama birika. Akameza mate.

Mwanamize akamgeukia Ndovu. "La! Mwinyi, sikiliza, nimekudanganya! Hapana mwali hapa! Ni maji tu! Ni maji na wanangu! Huyu atawala wote, kila kinachoingia kinywani mwake anakila!"

Ndovu akatabasamu, machozi yanamlenga.

"Mnamwona? Kungwi wa kweli huyu. Hata dada yangu leo asubuhi alilia hivi hivi, alisema mwanangu anakwenda kuliwa mzima. Ndiyo adabu ya kungwi, kumlilia mwali wake."

"Ndiyo adabu!" wakaitika wageni.

Ukweli ulikuwa umemwangusha mara ya pili. Akabaki na ile mila tu.

"Haingii!" akapiga kelele, akajitandaza ukingoni kama kwamba kimwili kile kingeziba kitu. "Haingii mtu chumbani kungwi hajaimba! Mmesahau?"

Wageni wakatazamana. Kweli, kungwi huimba. Ndovu akainamisha kichwa. "Imba, bibi."

Mwanamize akaimba akitazama majini:

"Mwenye miguu atoke, mlango u wazi,
mwenye miguu aruke, asimngoje mzazi!"

Wageni wakaupenda wimbo. Wakapiga makofi, wakapokea kiitikio: "Mwenye miguu aruke! Mwenye miguu aruke!" Na kule nyuma ya mkeka uliovutwa, tu! tu!, watoto wakaanza kuruka mmoja mmoja, vichura vidogo kama punje za kunde, vikaangukia chini katikati ya miguu ya wageni. Mosi akatoka. Wa pili wake akatoka. Wengine mikia bado imewaning'inia, wakatoka nayo hivyo hivyo.

Kitinda akaja juu ya maji. Ana kichwa na mkia.

"Mama, mimi je?"

Mwanamize akaimba. Wimbo ulipokwisha akaurudia, akaongeza beti za uongo, akaimba majina ya watu wasiokuwapo, akaomba mbingu kati ya beti na beti. Aliimba mpaka sauti ikawa mkwaruzo tu. Furu wakakusanyika chini yake wakimtazama, na dagaa, na wanawe wote waliokuwa bado na mikia.

"Basi, kungwi," akasema Kiboko, mikono imemchoka kumshika Kambare. "Wimbo umezidi."

"Ubeti mmoja."

"Bwana harusi anakauka."

Tumbukizi!

"Lililililii!" Vigelegele vikapasua uwanja. Maji yakavurugika kijani, yakapanda, yakapiga kuta. Mama akasikia sauti moja ndogo, kisha vigelegele vikaifunika.

"Tazama wanavyopendana!" akasema mgeni mmoja.

Maji yakatulia. Kambare akajilaza chini, akatoa kiputo kimoja, bup. Ndovu akainama akatazama upande huu, akatazama upande ule.

"Kiboko. Furu wangu wako wapi?"

"Wamo ndani, bwana mkubwa," akajibu Kiboko.

Mwanamize alishuka ukutani. Akawakusanya aliowapata miguuni mwa wageni, wawili walikuwa wamekanyagwa, akatoka nao lango la nyuma kuelekea mtoni, kwenye vumbi, wakiruka kidogo wakipumzika kidogo. Mosi alikuwa akiuliza Kitinda anakuja saa ngapi. Mvua haikunyesha siku ile, wala kesho yake.

Hapo ndipo ilipoishia, nami sina ya kuongeza ila hili moja, mkalale nalo: uongo wa mwali hufuatwa na bwana harusi.